Ramani Isiyo na Ziwa

Kijiwe cha Kasenga kiko pale ambapo barabara ya kutoka mpakani Kavimvira inaanza kujiona ya mjini Uvira, na benchi lake ni mlango. Ulikuwa mlango wa nyumba ya mtu kabla ziwa halijapanda na kumfuata mwenye nyumba hadi chini ya kitanda. Abdoul-Karim aliukuta unaelea, akaupigilia miguu minne, akaweka juu yake wanaume na kando yake birika la kahawa ya tangawizi. Yeye hapo huitwa Haji Nusu, kwa kuwa aliondoka kwenda Maka akaishia Kigoma. Wa kila siku ni watatu zaidi: Térence, aitwaye Radio, ambaye habari humfikia kabla haijatokea, Masumbuko, aitwaye Avoka, aliyefagia mahakama miaka kumi na tisa akatoka na sheria nyingi kuliko vumbi, na Hakimu, fundi wa vyombo vya umeme, aitwaye Sudure kwa sababu harufu ya moshi wa kuunganishia nyaya haimtoki hata siku ya harusi. Miezi ile mji ulikuwa na wenye bunduki wapya, na watu walikuwa bado hawajajua wawasalimie vipi. Walikunywa kahawa macho yakiwa barabarani, na hata utani ulisemwa kwa sauti ya chini.

Saa saba ilikuwa imepita kidogo Radio alipofika mbio, simu kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga.

— Bantu ya kijiwe, musogee. Kuko mambo.

— Kila siku kuko mambo, alisema Haji Nusu. Juzi ulisema daraja imeanguka, minye nikapita juu yake na birika.

— Leo iko ya kweli. Banakamata espion, jasusi.

— Wapi?

— Mu barieri ya Kavimvira. Tangu asubuhi. Mwanamuke. Alikuwa na karte, ramani ya mji, mu kitunga, chini ya chupa za maziwa.

Hakimu alikuwa ameinua kikombe. Hakunywa wala hakukishusha.

— Mwanamuke wa wapi? aliuliza Avoka.

— Wa juu. Wa kule mulimani.

Mjini Uvira neno hilo, wa juu, wanaloitwa wafugaji wa mlimani wasioaminiwa, lina uzito wake, na siku zile uzito ulikuwa umeongezeka; ukilisema mbele ya mwenye bunduki unaweza kuwa umemaliza kesi kabla haijafunguliwa.

— Nani anakuambia?

— Mudogo wangu Franck. Si iko pale anaandika majina ya bantu wanaopita? Amenitumia foto ya ile karatasi. Anasema chef, mukubwa wa askari pale, ameiangalia mpaka macho yanauma. Haelewi. Sasa sikieni muzuri. Kama ni karatasi ya bure, yule mwanamuke aende na maziwa yake. Kama ni karte, jeep ya saa tisa inamubeba mu kambi.

— Kambi ya kule uwandani?

— Ile ile.

Mtu wa mwisho kupelekwa huko kutoka mtaa ule alikuwa muuza vocha, na kilichorudi kwa mkewe ni kiatu kimoja.

— Na Franck anataka nini kwetu?

— Nilimuambia zamani: kijiwe yetu iko na bantu ya akili. Amemuambia chef. Chef amesema, basi waangalie. Penye wazee hakuharibiki neno.

Avoka alijinyoosha, akavaa miwani yake yenye kioo kimoja. Tangu aache ufagio, hakuna ofisi iliyowahi kumwomba maoni.

— Leta, alisema.

Simu ilipita kutoka mkono hadi mkono. Hakimu aliijua ile karatasi kabla haijamfikia. Ilikuwa ya miraba midogo, ya kuchorea hesabu, imejaa wino mweusi kutoka pembe hadi pembe: mistari inayokwenda na kukata kona, mistatili yenye vijiti pande mbili, vidoa, miduara minne penye pembe, na herufi ndogo zenye namba. R1, R2, hadi R31. C1 hadi C14. Na tarakimu zake za saba zilikuwa na kimstari katikati, kama alivyofundishwa na baba yake. Majuma saba aliinamia meza akiichora. Mwenye maziwa alikuwa Uwituze, binti wa marehemu mwalimu Gakunzi, na aliyempa karatasi ile ni yeye Hakimu mwenyewe, jana jioni, kwa mkono wake.

Mwalimu Gakunzi alifundisha kwaya huko juu kwa miaka mingi, na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kompyuta ya nyumbani, zile za miaka arobaini iliyopita ambazo kibodi na mashine ni sanduku moja. Mwalimu aliipatia umeme wa jua, akaandika humo nyimbo zake zote, maneno na sauti nne nne, akazihifadhi kwenye disketi kumi na moja. Akafa. Vita vikawashusha mke na binti na sanduku lao hadi chumba cha kupanga Mulongwe, na ziwa likawafuata huko. Disketi zilikuwa kwenye mkebe juu ya kabati, zikapona. Kisomeo chake, mashine ya kuzisoma, kilikuwa chini. Ubao wake wa saketi uliliwa na maji ukawa kijani, na vipande viwili vya ubao ule havitengenezwi tena mahali popote duniani.

Fundi mwingine angesema pole. Hakimu ana ugonjwa wa kutosema pole. Aliamua kuuchora ubao upya tangu mwanzo, avitupe vile vipande vilivyokufa na mahali pake aweke vinavyopatikana kwenye printa mbovu na deki za DVD. Aliuchora mara mbili ya ukubwa wake, kama mafundi wa zamani, kwa kuwa mkono ukitetemeka kwenye kikubwa, kosa hupungua nusu mashine inapokipunguza. Uvira mashine za fotokopi zilikuwa hazina wino wala umeme. Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, alikuwako rafiki yake Lionel, mwenye mashine ya kupunguza sawasawa na kuchapa kwenye nailoni.

Kilichobaki kilikuwa kuvuka barieri, na Hakimu aliiogopa barieri. Mwaka uliopita walimkuta na nyaya mfukoni, wakamkalisha siku mbili, wakampiga kofi moja ambalo sikio lake la kushoto bado linalisikia. Uwituze huvuka kila Jumanne na maziwa ya mgando. Ndipo akamwambia: "Weye mwanamuke, na maziwa yako. Hawatakukagua."

Sasa neno lake moja lingetosha. Hii ni shema yangu, mchoro wa ubao wa kusomea disketi. Basi. Alilipanga mdomoni, akaliona liko sawa, na lilipofika kwenye meno likakataa kutoka. Sikio la kushoto lilikuwa linamlia. Aliwaza watoto wake, akawaza siku mbili zile, akaona jinsi wanavyokuja kumchukua hapo hapo kwenye benchi. Alimpitishia Haji Nusu simu, akashukuru kwamba hakuweka jina lake popote kwenye karatasi. Kisha akaona haya kwa shukrani hiyo.

— Hii haiko karte ya vita, alitangaza Avoka. Munakosea. Hii ni ya parcelle, ya viwanja. Muangalie: R moja, R mbili, R tatu. R ni nini? Ni rue! Wanataka kupitisha njia thelathini na moja mu nyumba zetu.

— Thelathini na moja? Sisi hapa hata moja haina goudron, ni vumbi tupu.

— Ndiyo hapo sasa. Wanavunja kwanza, goudron itakuja kwa wajukuu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake: mgeni akifika, mwenyeji atafute pa kuponea.

— Na C?

— C ni cadastre, ofisi ya viwanja.

— Kumi na ine?

— Kila mukubwa na cadastre yake. Uliona wapi parcelle ya Uvira yenye karatasi moja?

Kwa hilo hata Haji Nusu alikubali, na Hakimu akapata pumzi kidogo. Habari ya viwanja haikuwa nzuri, lakini mtu hapelekwi uwandani kwa viwanja. Aliomba moyoni wabaki hapo hapo. Lakini Haji Nusu alikuwa bado ameshika simu, na kadiri alivyoikodolea ndivyo uso wake ulivyobadilika.

— Hapana, alisema polepole. Hizi duara ine. Hizi ni visima.

— Visima gani?

— Na hii milaini ni tiyo. Tiyo za maji, za chini ya udongo. Minye mulikuwa munaniuliza: juu ya nini ziwa inapanda? Munasema mvua. Mvua ilinyesha tangu babu ya babu yangu anatoka Ujiji na pembe na chumvi, na ziwa ilikaa mahali yake kama bibi harusi. Leo inaingia mu vitanda. Kuko bantu wanaisukuma! Hii ndiyo machine yenyewe.

— Wanaisukuma na nini?

— Na courant, na umeme. Hapa imeandikwa, plus tano, plus kumi na mbili. Si ni courant hiyo?

Hakimu alishtuka. Katika mambo yote yaliyosemwa, hilo pekee lilikuwa kweli. Zilikuwa volti tano za saketi na volti kumi na mbili za mota.

— Courant yetu inapotea kila siku, inaenda wapi? aliendelea Haji Nusu. Inasukuma ziwa! Ndiyo maana walisema, maji ukiyavulia nguo, ujue yamekufuata nyumbani.

— Hawakusema vile.

— Walisema. Weye hukuwako.

Hakimu alikohoa. Sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa nyembamba, ya mtu anayepitia dirishani.

— Labda... labda ni shema ya apparei tu. Kama ya radio.

Wote watatu walimgeukia.

— Apparei gani? aliuliza Radio.

— Sijui. Ya zamani. Kuko apparei zina... zina milaini kama hii.

— Weye Sudure, umeona wapi apparei ya ukubwa huu? Karatasi nzima ya mezani?

— Wanaweza kuchora kubwa, kisha...

— Kisha nini? Na juu ya nini uichore na mukono, wakati apparei zinatoka China zikiwa tayari? Avoka aliinua kidole. Muntu anachora na mukono kitu ambacho hataki kionekane mu machine. Hiyo ni sheria.

— Na weye Sudure unaijua sana, alisema Radio, macho yameanza kumsogelea Hakimu. Unaijua namna gani?

— Siijui, alisema Hakimu. Nasema tu.

— Usiseme tu. Siku hizi muntu hasemi tu.

Nitasema, Hakimu alijiambia. Wakichoka na utani wao nitamwita Radio kando, nitamwambia yeye peke yake. Aliutafuta utani ule ili ajue umebaki kiasi gani, asiuone. Radio alikuwa ameikuza picha kwa vidole viwili.

— Ngojeni, alisema Radio. Ngojeni, ngojeni. Hizi nyumba zina miguu.

— Nyumba gani?

— Hizi ndefu. Moja, mbili, tatu... ziko sita. Kila moja ina vijiti saba huku na saba huku. Avoka, nyumba gani inafungwa chini na vijiti pande mbili?

Avoka alisogeza kioo chake kimoja hadi pua ikagusa simu. Alipoinua kichwa hakuwa tena na uso wa mchezo.

— Hema, alisema.

— Hema!

— Hema za askari. Na mambo zake, vile vijiti vya kufungia kamba.

— Basi C ni camp, alisema Haji Nusu, na birika likagonga jiko. Mungu wangu. Camp kumi na ine.

— R haiko rue. R ni Ruzizi, muto wetu. Njia thelathini na moja za kuvuka Ruzizi. Hapa Katogota, hapa Lubarika, munaona inavyopinda? Na hii nene inayopita katikati yote ni barabara yetu hii. Sisi tuko hapa. Radio aliweka ukucha kwenye kidoa kimoja. Hapa kabisa. Kuko Q mbili. Q ni quartier, ni mutaa.

Wote waliangalia kidoa kile, na wote wakaangalia juu, angani, kana kwamba kuna kitu kimeshafika. Mwaka ule mabomu yalikuwa yanatoka angani. Mama mmoja alipita na beseni la samaki wa ndagala, akawaona, akaangalia juu naye, kisha akaongeza mwendo.

Hakimu peke yake ndiye aliyejua kuwa kidoa kile ni mguu wa transista, na ndiye aliyeogopa kuliko wote.

— Plus kumi na mbili, alinong'ona Avoka. Mizinga kumi na mbili.

— Na tano?

— Ya akiba.

— Mwanamuke wa maziwa, alisema Haji Nusu akitikisa kichwa. Nilinunua kwake juma lililopita. Ananisalimu vizuri sana.

— Ndivyo walivyo, alisema Radio. Namupigia Franck sasa hivi.

— Usipige, alisema Hakimu.

— Juu ya nini?

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Alipajua kuwa ndipo. Hata baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakupajua. Radio alikuwa amemgeukia, simu mkononi, mdomo wazi, akingoja sababu.

— Kwa kuwa... haraka haraka haina baraka, alisema Hakimu.

— Haraka gani? Jeep iko njiani! Kidole kimoja hakivunji chawa, Sudure. Sisi wanne tumeona kitu kimoja.

Radio akabonyeza, akaweka simu mdomoni, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma habari za saa moja:

— Franck, mudogo wangu, sikia. Wazee wa kijiwe wameangalia. Ni karte. Rudia kwa chef: ni karte ya vita. Hema sita, camp kumi na ine, njia thelathini na moja za Ruzizi, mizinga kumi na mbili na tano za akiba. Na quartier yetu imewekwa alama. Wote wanne wamekubali.

Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda. Vialama viwili vilikuwa vya kijivu, kisha vikawa vya buluu.

Wote wanne. Hakimu alihesabu benchi, akajikuta ndani ya hesabu.

Zaidi ya robo saa ikapita. Haji Nusu alimimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba. Saa nane na robo ilikuwa imepita, na Hakimu alikuwa anajiambia bado kuna dakika arobaini, mtu anaweza kufika barieri kwa pikipiki kwa dakika kumi, atasema huko huko, mbele ya chef, si mbele ya hawa. Alikuwa anajiambia hivyo na miguu haikusogea. Ndipo mwanamke alipotokea upande wa Kavimvira, kwa miguu, kanga yake imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa mrefu, wa makamo, na alitembea kama mtu aliyezoea njia isiyo na mwisho. Alisimama mbele ya benchi akavuta pumzi kabla ya kusalimu.

— Mwiriwe. Jambo yenu, wababa.

— Jambo, Mama.

— Natafuta fundi mumoja. Wameniambia anakaaka hapa. Hakimu.

— Hakimu? Haji Nusu aliwaangalia wenzake, na alikuwa hasemi uongo. Kwa miaka tisa jina hilo lilikuwa halijatamkwa penye birika lake. Hapa haiko Hakimu, Mama. Hapa kuko Radio, Avoka, Sudure, na minye.

— Nimepita kwake, kumefungwa.

— Labda ni wa kijiwe ya Mulongwe.

Mwanamke alifumba macho kidogo. Hakimu aliona jinsi mlango ulivyofunguliwa kwa ajili yake, bure, bila kuuomba. Ilitosha anyamaze mara moja zaidi. Hakuwahi kukutana na mke wa Gakunzi. Kazi yote ilipitia kwa binti. Alijua ni yeye kwa paji la uso, ambalo Uwituze alilichukua kama lilivyo.

— Mutoto wangu anakamatwa mu barieri, alisema. Naitwa Mukansanga. Wanasema ana karatasi mubaya. Minye nimesema karatasi ni ya fundi. Wanasema, basi fundi aje, mbele ya jeep kufika.

Radio alisimama bila kujua kwa nini amesimama.

— Ile... ile ni mutoto yako?

— Uwituze. Mumemuona?

— Tumeona karatasi, alisema Avoka kwa ukali uliokuwa na woga ndani. Mama, pole, lakini hiyo ni karte ya Uvira. Sisi ni bantu wakubwa, tumeisoma.

— Karte ya Uvira?

— Na Ruzizi yote.

— Munionyeshe.

Radio alimpa simu. Mukansanga aliishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na macho. Aliwahi kupeleka ng'ombe kutoka mlimani hadi uwandani kwa miguu, kiangazi baada ya kiangazi, akiwa msichana, na kila mahali alipofika alijua amefika kwa kutafuta kitu kimoja kabla ya vingine. Alikitafuta sasa. Akaigeuza simu. Akaigeuza tena.

— Ziwa iko wapi? aliuliza.

— Namna gani?

— Mumesema ni Uvira. Minye sijasoma sana. Nauliza tu, ziwa iko wapi?

Radio alichukua simu, akaangalia, akaigeuza kichwa chini. Avoka alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Haji Nusu alinyoosha shingo. Uvira ni mji ambao ukisimama mlangoni unaliona ziwa, ukilala unalisikia, na mwaka ule lilikuwa linaingia bila kubisha hodi. Kwenye karatasi nzima hapakuwa na mahali pa kuweka hata bakuli la maji.

— Labda iko chini, alisema Haji Nusu. Chini ya karatasi.

— Haiko ziwa, alisema Hakimu.

Sauti ilikuwa imemrudia, na ilimwuma kutoka.

— Haiko ziwa kwa kuwa haiko karte. Ni shema ya ubao. Hizo ndefu zenye miguu ni vipande vya saketi, na vidoa ni mahali pa kuunganishia. Ni ya kisomeo cha disketi za muzee wako, Mama, za nyimbo zake. Minye nilichora. Minye ndiye Hakimu.

Avoka alivua miwani. Radio alimwangalia kwa muda mrefu, na uso wake ukaanza kuporomoka kidogo kidogo.

— Sudure, alisema. Ulikuwa hapa.

— Mupigie Franck.

— Ulikuwa hapa, ulisikia yote...

— Mupigie!

Radio alipiga, akaweka sauti nje. Ililia mara sita. Franck alipopokea kulikuwa na kelele za malori nyuma yake.

— Mukubwa, nafanya kazi.

— Franck, ile mambo ya karte, tumekosea. Fundi mwenyewe iko hapa. Ni apparei. Ya kusoma disketi. Muambie chef anamungoja dakika kumi tu, anakuja.

— Chef aliposikia habari ya hema hakungoja saa tisa, alisema Franck. Aliita jeep palepale. Imeshatoka na yule mwanamuke, mukubwa. Imeshika njia ya Kiringye, ya kwenda kambi, sasa dakika kumi na tano.

Simu ikakatika, au Radio aliikata, hakuna aliyejua. Haji Nusu alisema Mungu ni mukubwa, na kwa mara ya kwanza siku ile neno lilikuwa mahali pake.

— Nitakwenda, alisema Hakimu. Alikuwa amesimama, na alisema haraka ili woga usimpate tena katikati ya sentensi. Nitakwenda mu kambi kabisa. Tunapita kwangu, nabeba ubao wa zamani, ule uliooza, na kisomeo chenyewe, na mukebe wa disketi. Waweke ubao kando ya ile karatasi, wataona kwa macho yao, tundu kwa tundu. Nitawaambia minye ndiye nilimutuma. Wanishike minye.

— Watakushika, alisema Avoka kwa sauti ndogo. Hiyo watafanya.

— Najua.

Radio alikwenda barabarani kusimamisha pikipiki, akipunga mikono yote miwili, simu bado mkononi. Mukansanga hakulia, hakumshika Hakimu shati, hakumlaani. Hakimu alitamani afanye moja kati ya hayo. Aliangalia mlango ule wenye miguu minne, akaangalia birika, akawaangalia wanaume mmoja mmoja kama mtu anayehesabu ng'ombe jioni, na macho yake yakaishia kwa fundi.

— Weye, baba, aliuliza, ulikuwa umekaa hapa tangu saa ngapi?

Haikuwa sauti ya hasira. Aliuliza kama anayetaka kujua. Haji Nusu aliinamia jiko lake, Avoka akaangalia mikono yake, na Hakimu akafungua mdomo, akatafuta, asipate saa yoyote inayosemeka. Pikipiki ikasimama. Mwanamke akapanda nyuma ya dereva, akasogea mbele kumwachia nafasi, na Hakimu akapanda nyuma yake, akamwambia dereva wapite kwake kwanza, kisha njia ya Kiringye.